SOMO LETU: MAABARA NDANI YA NYUMBA ILIYOKWISHA JENGWA



Safari hii somo letu ni la nyumba. Vikundi vingi vina nyumba tayari: ghala la zamani, darasa lililoachwa, au ofisi iliyobaki baada ya mradi kwisha. Watu wanakaa, wanakubaliana: "Hapa tutengeneze maabara na stoo ya dawa, tusisafiri mbali kila mara." Wazo ni zuri. Halafu kitu cha kwanza kununuliwa ni rangi! Hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Kwa nini tujali?

Chukueni mfano wa oksitosini, sindano anayopewa mama ili asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua. Dawa hii inatakiwa ikae kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Ikikaa siku nyingi chini ya bati la moto, nguvu yake inapungua. Ukiitazama kwenye chupa ni ile ile, maji meupe. Muuguzi atamchoma mama, na damu isisimame. Kwa hivyo kosa la chumba linaweza kumfikia mtu ambaye hata hajawahi kukiona chumba chenyewe.

Wakubwa nao wana shida hii hii

Msidhani ni shida ya vijijini tu. Kituo cha utafiti cha KEMRI pale Kilifi kilianza mwaka 1989 na watu wachache ndani ya hospitali ya wilaya. Leo kinajulikana duniani kwa kazi ya malaria. Nao makanisa ya Kenya, Katoliki na Kiprotestanti, walianzisha MEDS mwaka 1986 ili kuzipatia hospitali zao dawa. MEDS ina maabara yake Nairobi ya kupima kama dawa ni nzuri au ni bandia.

Wachoraji wa maabara za utafiti wa dawa wakipewa jengo la zamani hukuta nguzo haziondoki, dari iko chini, na mabomba ya hewa hayana pa kupita. Basi hawaanzi na ukuta. Wanaanza na kazi. Na sisi tufuate njia hiyo.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya kupima chumba

Nini kitafanyika humo? Kupima damu ya malaria? Kuweka dawa? Kuosha vyombo? Nani atafanya, na kwa chombo gani? Orodha hii iandikwe na mtu wa maabara na muuguzi, wakae pamoja na kikundi. Fundi aje baadaye.

Hatua ya 2: Chora chini kwa jivu

Pima chumba kwa tepu ya fundi, pamoja na milango na madirisha. Meza ya kazi huwa na upana wa kama sentimita 75. Kati ya meza mbili zinazotazamana acheni kama mita 1 na nusu, watu wawili wapishane bila kugongana mkononi wameshika damu au asidi. Sasa pigeni hesabu: 75 na 75 ni mita 1 na nusu, ongeza njia, jumla mita 3. Chumba cha mita 2 na nusu basi kiwekewe meza upande mmoja tu. Choreni kwa jivu sakafuni, mtembee humo kama mnaofanya kazi. Jivu linafutika, ukuta haufutiki.

Hatua ya 3: Kichafu na kisafi visikutane

Damu iingie upande mmoja, ipimwe, kisha vyombo viende kuoshwa na taka itoke, bila kupita palipo na dawa safi. Kama mlango ni mmoja tu, na hamwezi kutoboa mwingine, pangeni saa: dawa ziingizwe asubuhi kabla ya wagonjwa, taka zitoke jioni.

Hatua ya 4: Hewa na mtikisiko

Maabara kubwa zina kabati maalum la kuvuta mvuke wa sumu na kuutoa juu ya paa. Haliwekwi karibu na mlango, kwa sababu mtu akipita tu upepo wake huurudisha mvuke ndani. Kwetu methanoli ya kugandisha damu kwenye kioo ni sumu na inashika moto haraka. Iwe chupa ndogo, karibu na dirisha, mbali na jiko. Hadubini na mizani visikae ukuta mmoja na mashine ya kusaga, vinatikisika.

Hatua ya 5: Joto na maji

Tuseme ni nyumba ya bati hapo Kau. Jua la alasiri linapiga ukuta wa magharibi, kwa hivyo stoo ya dawa iwe upande wa mashariki. Wekeni dari, na madirisha yanayopitisha upepo. Tundikeni kipimajoto, kisomwe mchana kila siku na kuandikwa. Dawa nyingi za vidonge zinataka joto lisizidi digrii 25 au 30. Someni karatasi ya dawa yenyewe.

Halafu mto. Mafuriko ya 1997-98, ya 2018 na ya mwisho wa 2023 hatujayasahau huku Delta. Waulizeni wazee maji yalifika wapi, mpige alama ukutani. Friji, betri za sola, soketi na rafu ya dawa, vyote juu ya alama hiyo. Maji ya kuoshea vyombo vya kemikali yasielekezwe mtoni wala karibu na kisima.

Hatua ya 6: Kubali chumba kikikataa

Hili ni gumu, lakini tuliseme. Kuna kazi ambazo chumba chenu hakitaziweza hata mkikipamba vipi. Kuotesha vijidudu vya TB, kwa mfano, kunataka hewa inayodhibitiwa kwa mitambo. Hiyo pelekeni makohozi hospitali kubwa. Afadhali chumba kinachofanya kazi mbili vizuri kuliko kinachofanya sita kwa kubahatisha.

Na jamani, kikundi kinaweza kutengeneza chumba, lakini hakiwezi kujipa ruhusa. Mpimaji lazima awe amesajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara, na dawa ziko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Tangu 2013 zahanati za serikali ziko mikononi mwa kaunti. Nendeni ofisi ya afya ya kaunti na mchoro wenu kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simiti.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nyumba yetu inapata jua la alasiri upande gani? Maji ya 2023 yalifika wapi?
2. Kazi zipi mbili tunazihitaji zaidi?
3. Friji ikizimika usiku, nani atajua, na atapeleka dawa wapi?
4. Kazi gani chumba chetu kinaikataa?

Swali la tatu msiliruke. Lipeni jina la mtu.