Nukta Moja Katika Fortran

Lugha ya kompyuta iitwayo Fortran ilitolewa na IBM mwaka 1957. Katika Fortran ya zamani, nafasi baina ya maneno hazihesabiwi. Basi tazama: DO 20 I = 1,5 ni amri ya kurudia kazi mara 5, hadi mstari wenye namba 20. Lakini weka nukta mahali pa mkato: DO 20 I = 1.5. Kompyuta hainung'uniki! Huona umebuni jina jipya, DO20I, ukalipa thamani ya 1.5, kazi hufanywa mara moja tu, na jibu la uongo hutoka safi kabisa. Mtu hukesha akitafuta kosa kubwa, kumbe ni kialama kidogo mno. Mwalimu mkali angalau hupiga mstari mwekundu.