Redio za Muziki Ukambani na Suala la Kiswahili

Makala haya yanajadili namna redio za kibiashara zinazotangaza kwa Kikamba zilivyobadilisha uhusiano baina ya mwanamuziki wa Ukambani na lugha ya Kiswahili. Mada hii inawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa kuwa redio za lugha za kienyeji hutajwa mara nyingi kuwa adui wa lugha ya taifa. Hoja kuu ni kwamba redio hizo hazikukifukuza Kiswahili katika muziki. Ziliondoa tu ulazima uliomfanya msanii akihitaji.

Ili kuielewa hoja hii, yafaa kuangalia hali ilivyokuwa awali. Mwaka 1964 serikali ilitwaa shirika la utangazaji, likaitwa Sauti ya Kenya hadi mwaka 1989 liliporejeshewa jina la KBC. Katika kipindi hicho chote, idhaa ya taifa ya Kiswahili ndiyo iliyofika pembe nyingi za nchi, ilhali Kikamba na lugha nyingine za Kenya zilitengewa saa maalumu. Aidha, muziki wa Kenya wenyewe haukuwa na nafasi ya hakika. Mwaka 1980 iliamuliwa kwamba asilimia 75 ya muziki unaopigwa na Sauti ya Kenya uwe wa Kenya, lakini uamuzi huo uliachwa baada ya muda mfupi.

Katika mazingira hayo, kuimba kwa Kiswahili kulikuwa na faida bayana. Mfano mwafaka ni Kakai Kilonzo, kiongozi wa bendi ya Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987. Kilonzo aliimba benga kwa Kikamba na kwa Kiswahili, na nyimbo zake za Kiswahili zilimpatia mashabiki wengi nje ya Ukambani. Mapigo ya gitaa yalibaki ya Kikamba. Maneno ndiyo yaliyovuka mpaka.

Hali ilianza kubadilika pale utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi. Capital FM ilianza jijini Nairobi mwaka 1996 kwa Kiingereza, na mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu. Baadaye Ukambani nako kukapata vituo vyake, vikiwamo Musyi FM na Mbaitu FM. Majina yenyewe yana ujumbe: musyi ni nyumbani, na mbaitu ni watu wa kwetu. Vituo hivi huishi kwa matangazo ya biashara, na mwenye bidhaa hulipia masikio ya wasikilizaji. Muziki wa nyumbani ni njia rahisi ya kuyavuta masikio hayo. Ifahamike kwamba kampuni ya Royal Media Services, inayomiliki Musyi FM, humiliki pia Radio Citizen inayotangaza kwa Kiswahili. Kwa hiyo tofauti iliyopo hapa si uadui wa lugha bali ni mgawanyo wa soko.

Matokeo yake ni ya namna mbili. Kwa upande mmoja, msanii wa Mwingi anaweza kujulikana na kualikwa katika harusi na harambee bila kutunga ubeti hata mmoja wa Kiswahili. Msamiati wa Kikamba unapata uhai. Hata lahaja ya Kitui, ambayo katika maandishi, Biblia ikiwamo, ilifunikwa na ile ya Machakos, inasikika kwa vinywa vya wasikilizaji wanaopiga simu. Kwa upande mwingine, barabara ya Thika hupita Mwingi na kuendelea hadi Garissa, ambako wengi hawaelewi Kikamba. Msanii akionya kuhusu ukame au akisuluhisha ugomvi wa malisho kwa Kikamba pekee, jirani anayehusika hapati ujumbe huo.

Kwa kuhitimisha, kuzilaumu redio hizi hakuwezi kumrudisha msanii kwenye Kiswahili. Kilichompeleka huko zamani kilikuwa haja ya kusikika, na haja hiyo sasa inatimizwa nyumbani. Linalobaki ni jukumu la wanaosoma Kiswahili, hasa wanaotoka Ukambani: kuzikusanya nyimbo hizi, kuzitafsiri kwa uangalifu na kuzihakiki kama fasihi. Asiposikika msanii huyu kwa Kiswahili chake mwenyewe, na asikike kwa Kiswahili cha wafasiri wake.