Kipuri Kisichojulikana na Neno Lisilojulikana: Somo Kutoka Gereji Moja ya Lubumbashi

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba neno geni halifunguliwi kwa kuuliza maana yake. Kwanza unatazama umbo, unalikata vipande, unaangalia linakaa pamoja na maneno gani. Maana inakuja nyuma. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mafundi wa magari ya zamani wanafuata njia hiyohiyo mbele ya kipuri wasichokijua, na kwamba kosa linalowaponza wengi ni lilelile linalotuponza sisi: kuchanganya jina la kitu na kitu chenyewe.

Data yangu inatoka katika gereji ya mtaa wa Katuba, ambako nilikaa majuma machache nikiandika msamiati. Wakati huo familia moja ilileta sanduku la vipuri (piesi, kama tunavyosema hapa) lililoachwa na marehemu baba yao pamoja na Coccinelle, yaani Volkswagen ndogo ya mgongo wa mviringo. Watoto walitaka gari litembee tena. Lakini mji wetu ni mji wa shaba, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila siku na mizani yao. Kipuri kinachojulikana kinauzwa kama kipuri. Kisichojulikana kinauzwa kwa kilo na kuyeyushwa. Familia ilikuwa imekubaliana kwamba chochote ambacho hakitatambulika kufikia Jumamosi kitaenda kwenye mizani.

Tuanze na majina, maana ndipo wengi wanapoanza. Kifaa kinachogawa umeme kwa mishumaa ya injini, Lubumbashi kinaitwa delko. Fundi mmoja kijana alikishika kile cha sandukuni, akasema: «Hii njo delko,» kisha akatafuta neno Delco juu ya chuma na hakuliona. Aliona Bosch. Akahitimu kwamba si cha asili, kimebandikwa tu. Hapa isimu ina la kusema. Delco ni kifupi cha jina la kampuni ya Marekani iliyoanzishwa Dayton, Ohio, mwaka 1909. Kifaransa kililichukua jina hilo likawa jina la kifaa chochote cha aina hiyo, awe amekitengeneza nani, na sisi tukalipokea kutoka Kifaransa. Delko ya Bosch si ajabu zaidi ya kalamu ya bic iliyotengenezwa na mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa neman, yaani kufuli ya usukani na mahali pa kutia ufunguo, iliyobeba jina la Neiman. Hata neno mishumaa nililotumia hapo juu ni langu mwenyewe. Gerejini hakuna anayelitumia. Wanasema buji, kutoka neno la Kifaransa ambalo kweli ni mshumaa, na wanaotoka upande wa Zambia wanasema plagi. Jina linatueleza njia ambayo neno limepita. Halituelezi kifaa ni cha gari gani.

Mwenye gereji, mzee anayeitwa papa na kila mtu, alilisema kwa ufupi kuliko mimi: «Soma namba, mwanangu. Jina, batu banapanaka tu.»

Na namba za Volkswagen za zamani zinasomeka kama sarufi. Zinakuwa tarakimu tisa katika mafungu matatu, na mara nyingi herufi mwishoni. Fungu la kwanza linataja gari: 111 na 113 ni Coccinelle, 211 ni Kombi, 311 ni ile iitwayo Type 3. Fungu la pili linataja sehemu ya gari, na tarakimu yake ya kwanza ndiyo ya kushika: 1 ni injini, 3 ni giaboksi, 4 ekseli ya mbele, 6 magurudumu na breki, 8 bodi, 9 umeme. Fungu la tatu ni kifaa chenyewe. Herufi ya mwisho inaonyesha badiliko lililofanywa baadaye, kama vile pika inavyokuwa pikia au pikisha: mzizi ni ule ule, kazi si ile ile. Delko yetu ilikuwa na 113 905 205 na herufi K. Coccinelle, umeme, delko. Hakuna aliyehitaji kubahatisha.

Kuna jambo dogo linalotuhusu sana sisi tunaoishi karibu na mpaka. Usukani wetu uko kushoto, wa Zambia uko kulia. Penye 113 ya usukani wa kushoto, ya kulia huandikwa 114. Kwa buji haina maana yoyote; kwa dashibodi au pedali ni fedha iliyopotea.

Tahadhari mbili. Kwanza, si kila tarakimu ni kiambishi. Tunajua kwamba ki- ya kitabu haikuwa kiambishi katika Kiarabu. Sisi ndio tuliosikia hivyo. Bosch ana namba zake mwenyewe, zinazoanza kwa mfano na 0 231 kwa delko, na kiwanda cha kuyeyusha chuma nacho kinaacha alama za kalibu. Ukisoma hizo kwa sarufi ya Volkswagen utapata upuuzi. Pili, fungu la kwanza linataja gari ambalo kifaa kilianza nalo, si lazima gari pekee linalokitumia. Kipuri cha 311 kinaweza kukaa kihalali katika Coccinelle.

Je, pasipo namba? Hapo tunauliza kinaungana na nini. Bolti ndizo zinazodanganya zaidi. Bolti ya M8 ina kipenyo cha milimita 8. Ile ya Kiingereza ya 5/16 ya inchi ina 7.94. Jicho halioni tofauti. Lakini M8 ya kawaida ina milimita 1.25 kati ya uzi na uzi, na 5/16 ya aina ya UNF ina nyuzi 24 kwa inchi, karibu milimita 1.06. Nati inaingia mizunguko michache, kisha inakwama, na anayelazimisha kwa spana anaharibu vyote viwili. Hao ni marafiki wa uongo, kama haina: Dar es Salaam maana yake ni kwamba kitu hakimiliki kingine, kwetu yaweza kuwa tu «siyo». Fundi hapimi kipenyo peke yake. Anaweka kipimo cha nyuzi, chenye meno kama kitana, na kutazama kama mwanga unapita. Kwa njia hii pampu moja ya sandukuni, iliyokuwa tayari kwenye rundo la Coccinelle, ilionekana ina nyuzi za inchi. Haikuwa ya Kijerumani kabisa, na ikauzwa kwa mtu mwenye Land Rover.

Kufikia Jumamosi rundo la mizani lilibaki na vipande vichache vilivyovunjika, na kimoja kizima ambacho hakuna aliyekitambua. Niliomba kisiyeyushwe. Kimefungwa karatasi kwa waya, nayo imeandikwa kama tunavyoandika neno lisilo na tafsiri: umbo, uzito, alama zote jinsi zilivyo pamoja na zisizosomeka, nyuzi za metriki, matundu matatu, upande mmoja umechakaa kuliko mwingine. Mahali pa jina tumepaacha wazi.