SOMO LA VIJANA: MAMLAKA YA ALIYE CHINI YA MAMLAKA

Soma kwanza: Mathayo 8:5–13, 2 Wafalme 5:1–15, Matendo 19:13–17.

Wapendwa wazazi, walezi na waalimu wa vijana, somo la mwezi huu ni lenu kwanza. Vijana nao wanaruhusiwa kulisoma, na nawajua, watalisoma.

Katika darasa la Kipaimara nina desturi ya kuuliza swali moja: Mkristo amepewa mamlaka gani? Mikono huinuka upesi. Jibu la kwanza karibu siku zote ni kukemea pepo, na la pili ni kuwaombea wagonjwa. Majibu hayo si ya uongo, kwa kuwa Bwana wetu aliwapa wanafunzi wake uwezo huo. Lakini nikiendelea kuuliza, "Je, jana mlipokuwa bondeni mkiamia ndege, mamlaka hiyo ilikuwa wapi?" darasa lote hunyamaza. Hapo ndipo nionapo kwamba tumewafundisha watoto wetu mamlaka ya mkutano wa Injili na kipaza sauti, tukasahau kuwaambia habari za Jumatatu.

Hebu tumtazame yule akida wa Kapernaumu. Yeye hakumwambia Bwana Yesu kwamba anaelewa mamlaka kwa sababu anaamuru askari. Alianza kwa kusema kwamba yeye mwenyewe yu chini ya mamlaka, kisha ndipo akasema kwamba ana askari chini yake. Neno lake lilikuwa na nguvu kwa sababu halikuwa lake peke yake. Wale wana wa Skewa wa Efeso walifanya kinyume. Walilichukua jina la Yesu kama mtu aazimavyo baiskeli ya jirani, wakalitumia bila kumtii mwenye jina. Pepo akawauliza wao ni nani, na tunajua walivyotoka mbio katika nyumba ile, uchi na wenye majeraha.

Basi, kijana anayekemea kwa sauti kuu usiku wa mkesha, na asubuhi yake mama yake akimwita mara tatu haitiki, bado hajajifunza somo la akida. Bwana wetu mwenyewe, baada ya kuwashangaza waalimu hekaluni akiwa na miaka 12, alirudi Nazareti akawatii wazazi wake.

Nataka kusema hapa jambo ambalo huenda wazee wenzangu wasilipende. Sisi tunalipenda sana neno utii, hata tumeligeuza kuwa fimbo. Kijana akifungua kinywa kusema kweli tunamwambia, "Nyamaza, wewe mtoto." Halafu tunashangaa kwamba hana ujasiri mbele ya wanaomshawishi kwa maovu. Angeujifunzia wapi, ikiwa nyumbani kwake neno lake halijapata kusikilizwa hata siku moja?

Yule msichana wa Israeli katika nyumba ya Naamani alikuwa mateka na mtumishi, tena mdogo. Hata jina lake hatulijui. Lakini alisema neno moja kwa bibi yake juu ya nabii aliyeko Samaria, na jemadari wa Shamu akafunga safari kwa neno hilo. Mimi huwastaajabia na wale waliomsikiliza. Watu wazima wa nyumba ile walikuwa wapagani, nao walikubali kufundishwa na mtoto.

Tunao mfano wa karibu zaidi, hapa hapa Afrika Mashariki. Alexander Mackay, ambaye mwaka 1877 alisimamia kazi ya kufungua njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, alifika Buganda mwaka 1878, akaanza kuwasomea watu Maandiko kwa Kiswahili chetu. Vijana waliovutwa na mafundisho hayo waliitwa wasomaji. Oktoba 1884 ufalme ulimwangukia Mwanga, kijana wa umri wa miaka 16 hivi. Tafakari jambo hilo: kijana wa miaka 16, naye ana mamlaka ya kuua na kuponya.

Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu waliokaa na wamisionari waliuawa kwa amri yake, wakateketezwa kwa moto. Makko Kakumba na Nuwa Serwanga walikuwa vijana, naye Yusufu Lugalama alikuwa mtoto wa miaka 12 hivi, aliyepata kuwa mateka wa vita, kama yule msichana wa Naamani. Robert Ashe, mwenzake Mackay, aliandika kwamba mmoja wa wauaji alishangazwa sana na uvumilivu wao, hata baadaye akaja kuomba afundishwe kusali. Mwaka uliofuata wakauawa wengine wengi, na kundi kubwa zaidi lilichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kati yao walikuwamo watumishi vijana wa nyumba ya Kabaka. Hao walimtumikia mfalme wao kwa uaminifu katika kazi zao, ila walikataa machafu aliyoyataka kwao, na walipoambiwa wanaosali wajitenge upande, walijitenga.

Tazama basi, ni nani mwenye mamlaka hapo? Mwanga alikuwa na majeshi, lakini alitawaliwa na hofu yake. (Yeye naye Mungu hakumwacha. Alibatizwa akiwa uhamishoni huko Shelisheli, akaitwa Danieli, akafa mwaka 1903.) Wale vijana walitii katika mengi, na kwa sababu hiyo hiyo waliweza kukataa katika moja. Walijua yuko Bwana aliye juu ya Kabaka.

Sasa turudi Tindiga.

Kijana wako yuko juu ya dungu, mpunga umeanza kuiva, naye anafukuza ndege tangu alfajiri. Anaona ng'ombe wameingia shamba la jirani. Katika wilaya yetu ya Kilosa jambo hili si dogo. Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Siandiki hayo ili kulaumu kabila lolote. Naandika kwa sababu ugomvi wa namna hii hukuzwa na neno lililotoka kinywani mwa mtu, na mara nyingi wa kwanza kuona ni kijana.

Anaweza kupiga kelele kwamba wamevamiwa. Anaweza kusema wako wengi, na wana silaha, ingawa hakuona silaha. Siku hizi ana simu, na neno lake litafika Kilangali na Kilosa mjini kabla hajashuka kutoka kwenye dungu. Wenzake watachukua mapanga, wala hakuna atakayeuliza nani aliona nini. Au anaweza kusema yale tu aliyoyaona: ng'ombe wanne, mchungaji mmoja, mtoto wa umri kama wangu, naye anajaribu kuwatoa. Akampelekea mwenyekiti wa kitongoji habari hiyo hiyo, bila kuiongeza chumvi. Wenzake wakimwita mwoga, akae na jina hilo.

Hiyo ndiyo mamlaka ya kiroho ninayoizungumzia. Haina kelele, na huenda hakuna atakayemshukuru. Lakini kijana aliyezoea kusema alichoona tu, akitumwa dukani akarudisha chenji kamili, akikiri aliyevunja mtungi ni yeye wala si mdogo wake, siku ya ng'ombe neno lake litaaminiwa. Aliyezoea kudanganya katika madogo hawezi kutuliza watu wenye mapanga, hata akiwa anajua kukemea kwa lugha saba.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi, maana unaingia ndani ya nyumba zetu wenyewe. Mtihani wa darasa la saba au wa kidato cha nne unakaribia, na shangazi ana shauri la kumpeleka mtoto kwa mganga achanjwe chale. Wengine waliosimama mbele ya Askofu wakawekewa mikono ndio hao hao wenye nauli ya kwenda kwa mganga! Kijana akikataa ataambiwa anadharau wazee. Mfundisheni kukataa kwa adabu: asalimie ipasavyo, aseme, "Shangazi, nakushukuru kwa kunijali, lakini hilo siwezi," kisha achukue ndoo akamchotee maji shangazi yake. Maji hayo yatasema zaidi ya mahubiri yake. Ninyi wazazi nanyi, mkisikia amekataa, simameni naye. Msimwache apigane peke yake na ukoo mzima.

Vivyo hivyo kwa mabinti zetu. Msichana anatembea mwendo mrefu kwenda shule, na mtu mzima mwenye pikipiki anampa lifti leo na fedha ya daftari kesho. Tunamwambia asimame imara katika Bwana, nasi tunafanya vema. Lakini neno "hapana" la msichana wa miaka 14 lisipokuwa na baba, mama, mwalimu na Kanisa nyuma yake, tumemtwika mzigo wetu. Akija kueleza, msianze kwa kumuuliza alivaa nini. Tena akiwa mtu huyo ni ndugu yetu, au mzee wa Kanisa, kweli ni ile ile, na yapasa ifike kwa mwenyekiti na polisi.

Mtaniuliza, tuanzeje? Anzeni kwa kuwakabidhi kazi ya kweli. Si kuimba kwaya tu na kufagia kanisa. Kijana ahesabu sadaka pamoja na watunza hazina, aandike kitabuni, na hesabu ikipungua aulizwe yeye. Asome somo la Jumapili, akiwa amelisoma nyumbani kwanza. Apewe mgonjwa mmoja wa kumtembelea kila juma, amchotee maji na kuomba naye, kisha amweleze mchungaji hali yake. Atakosea. Msimnyang'anye kazi kwa kosa la kwanza, maana hata Petro hakunyang'anywa.

Kwa mazungumzo katika ushirika wenu, vijana na wazazi wakiwa pamoja: Kijana, ni nani mtu mmoja unayemtii kwa moyo, wala si kwa kuogopa fimbo, na kwa nini? Mzazi, ni jambo gani la nyumbani mwako ambalo mtoto wako anaweza kuliamua nawe ukalifuata? Kisha kila mzee aseme mbele ya wenzake: mara ya mwisho kijana aliponionyesha kosa langu, nilimjibu nini?