Msitu Unaomngoja Askari

Zamani nilipochora picha, msitu kwangu ulikuwa rangi ya kijani ya kuzibia nafasi iliyobaki nyuma ya nyumba. Muhula huu mwalimu wetu wa sanaa alitundika ukutani nakala ya picha ya Caspar David Friedrich, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1774 akafa 1840, nami nikaona kosa langu.

Picha hiyo ilionyeshwa Berlin mwaka 1814. Ndani yake yumo askari mmoja wa farasi wa Kifaransa, naye farasi hana. Amesimama thelujini, amevaa kofia ya chuma na joho refu, ametuelekezea mgongo. Mbele yake njia yaingia msituni na kupotea gizani. Misonobari imejaa karibu picha nzima. Askari aonekana mdogo kama mtoto. Huku karibu nasi, juu ya kisiki, ametua kunguru.

Adui wa askari huyu yu wapi? Mtu mwingine hatumwoni. Basi ni miti yenyewe! Yafaa msomaji akumbuke kwamba nchi za Wajerumani zilikuwa zimekaa miaka kadhaa chini ya Napoleon, hata aliposhindwa Leipzig mwaka 1813. Tena walikuwa na kumbukumbu ya kale: mwaka wa 9 baada ya Kristo, Arminius na watu wake waliangamiza vikosi vitatu vikubwa vya Warumi katika msitu wa Teutoburg. Kwa hiyo mtu wa Berlin alipoitazama misonobari ile aliona taifa lake limesimama wima. Gazeti moja la huko lilieleza kuwa kunguru yule amwimbia Mfaransa wimbo wa mauti.

Bwenini tulibishana hata taa zikazimwa. Rafiki yangu asema askari alistahili, kwani nani alimwita? Mimi siwezi kumaliza upesi hivyo. Uso wake hatuuoni, na kila nikimtazama najiona nimesimama katika nyayo zake, na baridi naisikia. Jambo jingine lanisumbua zaidi. Katika miaka ya 1930 Wanazi walimtukuza Friedrich kama mchoraji wao, hali amekwisha kufa karibu miaka mia. Miti ile ile iliyowatia moyo watu waliotawaliwa, sasa ikawatia kiburi watawala.

Wiki iliyopita nilianza kuchora msitu ulio nyuma ya kwetu. Sijaamua bado kama nimtie mtu ndani yake, na nikimtia, aelekee wapi.