SOMO: JE, KAMPUNI KUBWA INAWEZA KUWAPONDA WASHINDANI WAKE?

Ndugu wafanyakazi,

Wenzetu wa viwanda vya kahawa vya Gitega na wa mashamba ya Muyinga wanauliza: mshahara ukilipwa kwa simu, je, kampuni moja yenye nguvu haitawamaliza wenzake, kisha itupangie ada ipendavyo? Swali ni zito, maana ada hiyo hukatwa kwenye jasho letu.

Tuanze na Microsoft ya Marekani. Karibu kila kompyuta ya ofisini ilitumia Windows yake. Mwaka 1994 Netscape ilitoa programu ya kufungulia intaneti, ikapendwa sana. Microsoft ikatengeneza ya kwake, ikaigawa bure, tena ikaiweka ndani ya Windows. Mnunuzi wa kompyuta aliikuta humo tayari, basi ya nini kutafuta nyingine? Netscape ikadhoofika, na mwaka 1998 ikakubali kununuliwa na AOL. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ikaishitaki Microsoft. Jaji aliamuru igawanywe mara mbili. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ikafuta amri hiyo, ingawa ilikubali kuwa sheria ilivunjwa.

Lakini Google haikuweza kuiponda. Bing, iliyoanza 2009, iko nyuma mpaka leo. Simu zilipoenea, mlango wa intaneti ukahama, na Microsoft haikuwa na ufunguo wake.

Jirani zetu wa Kenya wana M-Pesa ya Safaricom tangu 2007. Mawakala wake walizuiwa kuwahudumia washindani. Airtel ikalalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na mwaka 2014 Safaricom ikakubali kuwaachia. Miaka saba! Kufikia hapo watu walikwisha zoea, na M-Pesa bado ndiyo inayotawala.

Kwetu Burundi, Lumitel ya Wavietnam iliingia mwaka 2015 ikawakuta Econet na Onatel. Kumbe mgeni bado anaweza kuingia. Hatari yetu iko kwa tajiri anayetia saini na kampuni moja tu na kuwafungia humo vibarua wote.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, mjumbe aulize: mfanyakazi atachagua mtandao mwenyewe? Ada ya kutoa pesa italipwa na nani? Akitaka fedha mkononi, atapewa? Majibu yaandikwe katika mkataba wa pamoja. Wajumbe wa Gitega na Muyinga wayalete kwenye mkutano ujao, yakiwa na saini ya tajiri.