Undugu haufuti mkataba wa kazi

Ndugu Waislamu, katika miji yetu ya Mbeya na Iringa ajira nyingi ndogo huanza kwa maneno matatu tu: "Njoo tu, tutaelewana." Kijana anakabidhiwa duka Mwanjelwa, binti anachukuliwa kijijini kwenda kulea watoto Iringa mjini. Hakuna anayetaja saa za kazi wala likizo. Siku ya kuachana, kila mmoja ana maelewano yake.

Wengi husema: sisi ni ndugu, karatasi ya nini? Turejee Surat al-Qasas, aya ya 26 hadi 28. Nabii Musa (a.s.) alikuwa mgeni Madyan, na mwajiri wake ndiye aliyetaka kumwoza binti yake. Hata hivyo walitaja muda: miaka minane, na kutimiza kumi ni hiari ya Musa. Mwajiri akaahidi kutomtaabisha, na Allah (s.w.) akafanywa shahidi. Ikiwa ukwe haukuondoa masharti, vipi kuswali safu moja kuyaondoe? Tena Surat al-Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika deni la muda. Mshahara unaosubiriwa mwisho wa mwezi ni nini kama si deni?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa na ujira. Duka dogo na kazi za nyumbani zimo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Za ziada ni kwa makubaliano, na kila moja hulipwa kama saa moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Baada ya mwezi wa kwanza, anayelipwa kwa mwezi haachishwi bila notisi ya siku 28, au malipo badala yake.

Mwajiri asidhani kutoandika kunamlinda. Shauri likifika mbele na hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Mfanyakazi naye notisi inambana: kutoroka usiku na funguo za duka ni kuvunja ahadi na kukhini amana.

Jambo moja huwaponza wengi. Aliyeachishwa kazi huwasubiri wazee wa msikiti wasuluhishe, miezi ikapita. Suluhu ni kheri, lakini lalamiko la kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi Mbeya na Iringa, ndani ya siku 30. Hata huko huanzwa na usuluhishi, basi kuwahi si kuvunja undugu.

Mwenye mfanyakazi asiye na maandishi akae naye wiki hii. Karatasi moja, nakala mbili, sahihi mbili. Atakayemla mfanyakazi ujira wake, Mtume (s.a.w.) ametufikishia kuwa mgomvi wake Siku ya Kiyama ni Allah mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.